Watu Kumi na Tisa Niliowafuta Silanga

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa ofisini kwetu Ayany, pembeni mwa Kibera, na kikombe cha chai mkononi, niliwafuta watu kumi na tisa. Sikuwa na ugomvi nao. Wengi wao sikuwajua hata kwa sura. Nilibonyeza mara moja, kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, nikajibu kwamba nina hakika, nikaendelea kunywa chai.

Jina langu ni Derrick Walubengo. Nilisoma falsafa chuo kikuu miaka minne, halafu nikakaa nyumbani Bungoma miaka miwili nikimsaidia baba kufuga kuku. Wageni wakija, baba aliwaambia nimesomea kompyuta, kwa sababu neno falsafa lilileta maswali ambayo hakuweza kuyajibu. Hata mimi sikuweza. Mwishowe, ili mzee asiendelee kusema uongo, nikaenda Nairobi nikasomea kompyuta kweli, kozi ya miezi tisa.

Huko ndiko nilikokutana na makala yaliyonifanya niamini kwamba Mungu amenikumbuka. Kumbe wanaojenga mifumo ya kompyuta huazima maarifa ya ontolojia, lile tawi la falsafa linalouliza ni vitu gani vipo, na vipo kwa namna gani. Ukitaka kompyuta ishike habari za hospitali au za shamba, sharti kwanza uchore dhana zake: kipi ni kitu chenyewe, kipi ni hali tu ya kitu, kipi ni tukio linalotokea na kupita. Ukikosea hapo, hata uandike programu nzuri vipi, itasema mambo ya ajabu. Nilikuwa nimesubiri miaka saba mtu aniambie kwamba falsafa ina kazi. Nilisoma makala hayo mara tatu, halafu nikampigia baba simu. Akaniuliza kama nimekula.

Kazi niliipata kwa Madam Nthenya. Ni nesi mstaafu kutoka Kitui, mwenye shirika dogo linalofuatilia wagonjwa wa kifua kikuu Kibera. Ugonjwa huo unatibika, lakini dawa ni za kila siku kwa miezi sita, na mtu akianza kupata nguvu mwezi wa pili huona hakuna haja tena. Kwa hiyo Madam alikuwa na wahudumu wa afya wanaowatembelea wagonjwa mlango kwa mlango. Alitaka mfumo wa kumtumia kila mhudumu kwa simu, kila asubuhi, orodha ya watu wa kuwaona siku hiyo. Mtu mwingine angemwambia sawa na kuanza kazi. Mimi niliitisha mkutano.

Nilikuja na karatasi ya manila yenye ukubwa wa shuka. Juu kabisa nilikuwa nimeandika KILICHOPO, na chini yake mishale ikishuka kwenda KINACHODUMU na KINACHOTOKEA, na mishale mingine chini ya hiyo, mpaka nafasi ikaisha nikageukia pembeni. Wahudumu kumi na wawili walikaa kwenye viti vya plastiki wakaitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama eksirei ya mtu mwingine.

"Tuanze na swali moja," nikasema. "Mgonjwa ni nini?"

Walitazamana. Aliyejibu alikuwa Nelima, mhudumu wa kijiji cha Silanga hapo Kibera, mama wa miaka hamsini hivi anayevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, hata kukiwa kukavu. Sote tulimwita Mama Trizah.

"Ni mtu anaumwa," akasema.

"Hapana, Mama Trizah. Hebu fikiria zaidi."

Akafikiria. "Ni mtu anaumwa sana."

Nilitabasamu kwa huruma, nikawaeleza kwa dakika arobaini. Aibu yenyewe ni kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa sahihi, tena kiufundi. Mtu ndiye kitu chenyewe; kuumwa ni hali anayoingia na kutoka. Hata kwenye manila yangu iliandikwa hivyo, mshale wa nne kutoka kushoto. Lakini nilipokaa kuandika programu nilikuwa na wiki mbili tu, na manila ilikuwa imeshakunjwa nyuma ya kabati. Nikachukua njia fupi. Nilifanya Nyumba kuwa kitu kikuu, na ndani ya kila Nyumba nikaweka Wagonjwa wake. Nyumba ikiondoka, vilivyomo vinaondoka nayo. Hakukuwa na mtu mahali popote katika mfumo ule. Kulikuwa na wagonjwa tu, na walikuwa mali ya milango.

"Watu wanahamahama," nilimweleza Madam Nthenya, "lakini nyumba haiendi popote."

Madam alitikisa kichwa kukubali. Kwao Kitui ni kweli.

Sasa ile Jumanne. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na ploti moja ya vyumba vya kupanga Silanga, iliyo karibu na bwawa, ilikuwa imejaa maji. Mwenye ploti akaamua kung'oa vyumba vyote. Habari zikanifikia kwa simu: ploti C haipo tena. Nikafungua mfumo, nikaenda kwenye ploti C, C1 mpaka C12, nikafuta. Nilijiona mtu makini kwa kufuta siku ileile.

Nelima alikuwa Bungoma kwa mazishi ya shemeji yake. Mhudumu aliyemshikia zamu hakuwa anawafahamu watu wa Silanga, akategemea simu. Simu ikamwambia hakuna mtu wa kuona upande wa bwawa, naye akashukuru, maana kule kulikuwa na matope.

Nelima alirudi baada ya wiki mbili. Alikuja moja kwa moja ofisini na gambuti zake, akaniwekea simu mezani.

"Sasa, Derrick. Kasyoka yuko wapi?"

Nikatafuta. "Hayuko."

"Hayuko aje? Amekufa?"

"Hapana. Hayuko kwenye mfumo."

"Amehama?"

"Mfumo haujui."

"Alishawahi kuwa?"

Kwa jinsi nilivyoujenga, jibu la haki lilikuwa kwamba hakuwahi. Nimesoma vitabu vizima juu ya kutokuwapo. Hakuna hata kimoja kilichonitayarisha kuulizwa habari zake na mama aliyevaa gambuti.

Tulikaa mchana kutwa tukiwatafuta. Nelima alikuwa na habari zao kichwani: fulani alienda kwa dada yake mtaa wa Raila, fulani amerudi mashambani Vihiga akiwa na barua ya hospitali, hawa wawili wako palepale Silanga upande wa juu. Faili za karatasi za kliniki zilitusaidia kwa wengine. Kufikia jioni watu kumi na wanane walikuwa wamerudi kuwapo. Aliyebaki ni Kasyoka, mama wa Machakos aliyekuwa na miezi minne ya dawa na miwili mbele yake. Namba yake ya simu ilikuwa imezimwa. Kwa hesabu ya Nelima, vidonge alivyokuwa navyo vilikuwa vimeisha siku nne zilizopita.

"Akikaa bila dawa huo ugonjwa unarudi ukiwa mkali," Nelima akasema. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Kesho yake asubuhi tulienda Silanga wote wawili. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania tuanzie C7, chumba cha Kasyoka, na hapo ndipo nilipopata pigo la kwanza. C7 ilikuwepo. Mwenye ploti alikuwa ameinua msingi kwa kifusi na kujenga vyumba vipya vya mabati mahali palepale, na kwenye mlango wa saba fundi viatu anayeitwa Mutuku alikuwa amekaa akishona soli.

"Hapa ni wapi?" nikamuuliza.

"C7," akasema. "Unataka kushonewa?"

"Na ile C7 ya zamani?"

"Hiyo ilipelekwa Kawangware. Mabati, mbao, mlango, kila kitu kilipakiwa kwa lori. Mwenye ploti ana kiwanja huko, na wapangaji wengine walifuata lori."

Nilisimama kwenye lile tope nikiwa na furaha ambayo hadi leo naionea haya. Hili lilikuwa swali halisi la ontolojia, na lilikuwa limenijia lenyewe. Nyumba ni ipi? Ni mahali, au ni mabati? Ikiwa ni mahali, C7 haikuondoka, basi sikupaswa kuifuta. Ikiwa ni mabati, C7 imepanda lori, basi pia sikupaswa kuifuta. Nilianza kumweleza Nelima. Nilikuwa nimefika kwenye uwezekano wa tatu, kwamba huenda C7 ni jina tu lisilo na kitu nyuma yake, aliponikatiza.

"Prof," akasema, jina alilonipa tangu ule mkutano wa manila, "tunatafuta nyumba ama tunatafuta Kasyoka?"

Tukaenda Kawangware. Na bado sikujifunza. Tulipofika nilitembea mbele nikiwauliza watu kama wanajua vyumba vya mabati vilivyotoka Kibera, nikaelekezwa mara mbili vibaya na mara moja vizuri, mpaka nikauona mlango wenyewe: wa kijani, na C7 kwa rangi nyeupe, nambari saba ikiwa imepinda kama vile kwenye picha ya ule mlango niliyokuwa nayo. Nikagonga nikiwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Akafungua mwanamume mweusi kwa vumbi la makaa kutoka kichwani hadi miguuni. Chumba kizima nyuma yake kilikuwa magunia.

"Kasyoka yuko?"

"Hapa hakuna mtu anakaa, boss. Ni stoo."

Nikageuka kumwambia Nelima kwamba tumefika mwisho wa njia. Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa ng'ambo ya barabara kwa mama mmoja muuza nyanya, wamesalimiana, wameulizana nyumbani ni wapi, wamegundua kwamba mmoja ana shangazi aliyeolewa karibu na mwingine. Yeye hakuwa ameuliza habari za mlango wowote. Alikuwa amesema anamtafuta mama Mkamba, mrefu, aliyepungua mwili, aliyehamia juzijuzi, anapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa kwa maharagwe, na kukosoa upishi wa wengine.

"Huyo yuko kwa mjengo," mama wa nyanya akasema. "Anapikia mafundi. Jana ameniambia nyanya zangu hazina maana."

Tulimkuta nyuma ya ghorofa lililokuwa likijengwa, chini ya turubali, anakoroga sufuria kubwa ya muthokoi. Alipomwona Nelima aliweka mwiko chini akakaa kwenye ndoo.

"Nilidhani mmechoka na mimi," akasema.

Nelima akamweleza kwamba alikuwa mazishini. Wakazungumza juu ya mazishi kwanza, nani alikuja, nani hakuja. Halafu Kasyoka akatuambia yaliyompata. Simu ilimwangukia majini siku ile ya kuhama. Dawa zilipoisha alienda kliniki moja hapo karibu. Mhudumu wa pale alikuwa mtu mwema, akapiga simu ofisini kwetu kuuliza historia yake ya matibabu, na sauti ya kijana ikamjibu kwamba mtu wa jina hilo hayumo. Akamwambia Kasyoka arudi Silanga akatafute karatasi zake. Nauli hakuwa nayo siku hiyo, na kesho yake mafundi walitaka chakula.

Nilikumbuka ile simu. Nilikuwa nimejibu haraka, bila hata kulishika jina, na nadhani hata nilisema "hayumo kabisa", ili kuonyesha mfumo wetu una uhakika.

"Mama Kasyoka," nikasema, "ni mimi. Ni mimi niliyekufuta."

Alinitazama. "Ulinifuta na nini?"

"Na kidole."

Alicheka mpaka akakohoa, na Nelima akanitazama kwa macho ambayo sikuyapenda, kwa sababu ya kile kikohozi. Kasyoka alipopata pumzi akauliza jambo lingine, na safari hii hakucheka.

"Sasa mimi nikimaliza dawa, nikipona, huko kwa kompyuta nitakuwa nani?"

Nilifungua kompyuta pale juu ya gunia la maharagwe ili nimjibu vizuri. Nikatazama michoro yangu. Mfumo ulijua Wagonjwa. Mgonjwa asipokuwa mgonjwa, hakuna kisanduku cha kumweka. Njia pekee ya kupona katika mfumo wangu ilikuwa kufutwa. Yaani kwangu mimi kupona na kufa vilikuwa kitufe kimoja.

"Nitarekebisha," nikasema. Sikuongeza lolote la falsafa.

Mchana huohuo tulimpeleka kliniki na faili yake ya karatasi. Nesi alimpima, akahesabu siku alizokosa, akasema zitaongezwa mwishoni, na kwamba tumefika kabla mambo hayajaharibika. Akameza vidonge vyake palepale kwa maji ya chupa ya Nelima. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwazuia watu kupita bila kujua.

Madam Nthenya aliposikia yote hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba katika miaka thelathini ya unesi alipoteza wagonjwa kwa njia nyingi, lakini hii ilikuwa mpya. Kisha akanipa mwezi mmoja, na akaamuru Nelima akae na mimi kila alasiri.

Mwezi ule ndio niliofanya falsafa kwa mara ya kwanza maishani, kama kufanya falsafa ni kufikiri ukiwa na hofu ya kumdhuru mtu. Kila neno la mfumo tuliliuliza swali moja: kitu hiki kikiacha kuwa hivi, bado kipo? Mgonjwa akiacha kuwa mgonjwa, yupo bado. Basi ugonjwa si yeye, ni kipindi chake, chenye mwanzo na mwisho. Mpangaji akihama, yupo. Basi kukaa mahali ni uhusiano kati ya mtu na mahali, na una tarehe zake. Mtoto akikua, yupo. Lakini mtu akiacha kuwa mtu, hayupo tena, na hapo tu ndipo tunapoandika tarehe ya mwisho, na hata hapo hatumfuti, kwa sababu alikuwepo. Yote hayo yalikuwa kwenye manila. Niliitoa nyuma ya kabati kuhakikisha. Panya walikuwa wamekula KINACHOTOKEA.

"Na mhudumu?" nikauliza alasiri moja. "Mhudumu wa afya ni nini?"

"Safari hii utajibu wewe," Nelima akasema.

"Ni mtu mwenye kazi fulani kwa muda fulani."

"Sawa. Kwa sababu mimi kwa mfumo wako wa zamani nilikuwa watu wawili."

Nikamwomba anieleze. Kumbe Nelima mwenyewe aliugua kifua kikuu mwaka uliopita, akatibiwa, akapona. Alipojaribu kujiandika kama mgonjwa, mfumo ulikataa, kwa vile namba yake ya simu tayari ilikuwa ya mhudumu, na kwangu mtu hakuweza kuwa vyote viwili. Akatumia namba ya binti yake na jina la ubatizo. Kila asubuhi, kwa miezi sita, simu ilimtuma Nelima akamtembelee yule mwingine.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa najitembelea," akasema. "Nilikuwa nasimama kwa kioo najiuliza kama nimemeza dawa. Halafu naandika ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na ile karatasi kubwa. Nikadhani ndivyo kompyuta inataka."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, hata kuliko kuwafuta wale kumi na tisa. Wale niliwafuta kwa uzembe. Yeye nilimgawanya mara mbili nikiwa makini.

Suala la C7 nilitaka tulimalize pia. Nilikuwa na kurasa sita za maelezo. Nelima alisikiliza ukurasa wa kwanza, akauliza kama jibu litamsaidia kumfikia mgonjwa, nikakiri kwamba halitamsaidia. Tukaandika mahali kama anavyopaeleza yeye: nyuma ya mjengo, chini ya turubali, uliza mama wa nyanya. Zile kurasa sita bado ninazo.

Kasyoka alimaliza dawa mwezi wa nane, pamoja na zile siku za nyongeza. Tulienda Kawangware kumwona siku nesi aliposoma vipimo na kumwambia amepona. Tulikaa naye chini ya turubali, nikamwonyesha skrini. Jina lake lilikuwepo. Chini yake kipindi cha ugonjwa kilikuwa kimefungwa kwa tarehe ya siku hiyo, na chini zaidi makazi mawili, Silanga na Kawangware, ya pili yakiwa bado hayana tarehe ya mwisho.

Alisoma polepole. "Umeandika jina la baba yangu vibaya."

Nikalirekebisha.

"Na hapa hamjaandika kwamba napika."

Nikamweleza kwamba mfumo ni wa afya, hauhitaji kujua kazi ya mtu, na kwamba mchoro mzuri hubeba yale tu yanayohitajika. Alinisikiliza kwa subira huku akinipakulia. Nelima alikuwa ameshaanza kula.

"Mafundi wangapi hapa hukohoa?" Nelima akamuuliza, mdomo umejaa.

"Wawili. Mmoja ni Kitheka, yule wa kofia nyekundu. Nimemwambia aende apimwe, anaogopa."

"Wewe atakusikia. Ulishapona, na anakula kwako kila siku."

Wote wawili wakanigeukia. Nikaweka sahani juu ya ndoo, nikafungua mchoro tena, nikaanza kutafuta mahali pa kuandika kwamba Kasyoka anapika, na anawapikia akina nani.